Dume Mwenye Hamsini na Tisa

Aliyesoma historia fupi ya marehemu alisema Mzee Ndahani "aliwahi kuwa mfagizi wa maabara," akaendelea na habari za kuku na kwaya. Mfagizi! Nilikuwa nimekaa mkekani na akina mama, uani kwake Ihumwa, damu ikanipanda mpaka masikioni. Mama niliyekaa naye bega kwa bega akanishika goti: "Dada Hadija, taratibu. Tuko msibani." Nikatulia, maana msiba haukuwa wangu peke yangu, lakini umri niliofikia unaniruhusu kukasirika bila kuomba ruhusa, na nilikasirika wakati tunakwenda makaburini, nikakasirika na wakati tunarudi. Chini ya turubai, kwenye viti vya mbele walivyotengewa wageni wakubwa, alikuwepo mtu mwingine aliyeujua ukweli kama ninavyoujua mimi. Amezeeka sasa, anatembelea fimbo, na watu wanamwita Profesa. Mwaka ninaotaka kuusimulia alikuwa Dokta tu, msimamizi wa utafiti wangu, nami nitamwita hivyohivyo, Dokta, kwa sababu ndivyo alivyotaka aitwe hata na wauza chai. Mwaka ule watu watatu tuligombana juu ya namba moja: mimi, Dokta, na huyo anayeitwa mfagizi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nasoma shahada ya pili, nimepanga chumba hapohapo Ihumwa karibu na reli. Kitanda kimoja, jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili, na treni iliyopita ikitikisa vikombe. Maabara ilikuwa mjini, stoo ya zamani ya vyakula vya mifugo, na hata baada ya kupakwa rangi iliendelea kunuka pumba. Ilikuwa na darubini mbili, kabati la joto la kukuzia seli, na dirisha moja la vioo vya vipande ambalo komeo lake lilikuwa limekufa kwa kutu. Mzee Ndahani alikuwa kibarua. Kwenye karatasi kazi yake ilikuwa kufagia na kuosha vyombo; kwa kweli kazi yake ilikuwa kila kitu. Sisi tuliosoma tulichukua damu ya ng'ombe, tukaikuza siku tatu, tukazivimbisha seli kwa maji, na tulipofika hatua ya kuidondosha kwenye kioo tuliharibu. Hewa ya Dodoma ni kavu mno, tone linakauka kabla kromosomu hazijatawanyika, zinabaki zimerundikana kama kuni. Mzee Ndahani alikuwa na birika lake la chai, ambalo Dokta alilikataza kila wiki, na kila wiki lilirudi. Kumbe birika halikuwa la chai peke yake. Alilichemsha karibu na meza, akakishikilia kioo kwenye mvuke, akakipulizia pumzi mara moja, ndipo akadondosha. Kromosomu zikatandazika moja moja, unazihesabu huku unatabasamu. "Ninyi mna vyeti," aliniambia, "lakini tone halijui kusoma." Alikuwa mtani, mbishi, na mwenye kununa ukigusa redio yake siku ya mpira.

Utafiti wangu ulikuwa juu ya kiuno. Kila kromosomu ina mahali palipobanwa, panaitwa sentromia, na seli inapogawanyika ni hapo nyuzi hushika na kuvuta, nusu huku, nusu kule. Pasiposhikika, uhai unaishia hapo, uwe wa mtu, wa ng'ombe au wa mbu. Sasa ukiitazama DNA ya kiunoni huko hukuti jeni nyingi za kujivunia. Unakuta maneno yaleyale yanarudiwa, na yanarudiwa, maelfu kwa maelfu. Wenye taaluma wanaiita DNA satelaiti, na haihusiani na madishi ya televisheni: zamani waliizungusha DNA kwa kasi kwenye mashine, wakaona fungu moja limejitenga pembeni ya lile kubwa, wakalipa jina hilo. Dokta alikuwa na jina lake fupi zaidi. "Takataka," alisema siku niliyompelekea mada yangu. "Binti, unataka kupoteza mwaka kwenye takataka?" Nilimuuliza: mtu anayevuta tasbihi akataja neno moja mara thelathini na tatu, anapiga kelele tu? Akaniangalia juu ya miwani. "Sayansi na msikiti usivichanganye." Mada aliipitisha, nadhani kwa sababu alitaka mtu wa kumhesabia kromosomu za madume yake, na mimi nilikuja na mikono yangu bure.

Kazi ya kuhesabu tuliifanya kwa mkasi. Watoto wa siku hizi wanacheka nikiwaambia. Tulipiga picha ya seli moja kupitia darubini, tukaichapisha kubwa, tukakata kila kromosomu kwa mkasi, tukazipanga mezani kwa urefu, kisha gundi. Ng'ombe ana sitini. Vipande sitini vidogo vya karatasi, vyepesi kama maganda ya kitunguu, katika mji ambao upepo wake unaezua mabati! Mwanzoni mwa mwaka, wiki yangu ya pili, nilikuwa nimepanga vipande vya jike mmoja vizuri kabisa nikainuka kwenda kuchukua gundi. Dirisha lile bovu likafunguka lenyewe. Vipande vikapaa. Tulitambaa sakafuni mimi na Mzee Ndahani mpaka adhana ya alasiri, tukapata hamsini na nane. Dokta aliingia akatukuta tumepiga magoti, akacheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo jina langu likawa Dada Upepo. Hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliniita hivyo. Kesho yake Mzee Ndahani alileta waya wa kufungia nondo, akalifunga lile dirisha mizunguko mitatu, akauminya kwa koleo. "Haya," akasema. "Sasa hata shetani apite mlangoni kama watu wengine."

Kulikuwa na mradi wa kuboresha ng'ombe, na Dokta ndiye aliyechagua madume. Aliyempenda kuliko wote alikuwa kule wilayani Chemba, dume wa kahawia mwenye nundu kama gunia, aliyeitwa Spika kwa sababu ya sauti yake. Baba yake wa kienyeji, mama yake chotara. Mpango ulikuwa kwamba akishapimwa, mbegu zake zichukuliwe zisambazwe vijijini mkoa mzima, na Dokta alikwisha mtaja mbele ya kamati kama vile kipimo kilikwisha fanyika. Tulikwenda kumtoa damu mimi na Mzee Ndahani. Mwenye dume, Mzee Salumu, alitupokea kwa heshima zote. Mkewe, Bi Tatu, akatuwekea ugali wa uwele na mlenda, halafu nyama ya mbuzi, na akasimama juu yetu mpaka sahani zikawa nyeupe. Nilikuwa nanawa mikono nyuma ya nyumba niliposikia mazungumzo ya jikoni. "Waambie basi," Bi Tatu alisema. "Waambie nini?" "Kwamba Spika wako ni mbwembwe tu. Majike wangu watatu wameshika mimba, halafu wamerudi kutaka dume. Watatu!" "Nyamaza, mwanamke, wataalamu watasikia!" Mtaalamu alikuwa amesikia, tena maji yalikuwa yanamchuruzika viwikoni, akayaacha maneno yale yakae kichwani.

Nilipopanga vipande vya Spika vikawa hamsini na tisa. Nikavunja mpangilio, nikahesabu upya, hamsini na tisa. Nikachapisha seli nyingine, na nyingine, na ya saba, zote hamsini na tisa. Nilichunguza chini ya meza, ndani ya viatu, kwenye pindo la gauni. Dirisha liko na waya wake. Nilimpelekea Dokta yale makaratasi saba, naye hakuyatazama hata dakika moja. "Dada Upepo," akasema, akicheka, "umeanza tena?" Nikamwambia zote ni sawa, na dirisha limefungwa. Kicheko kikaisha. "Ng'ombe ana sitini. Kata upya, andika sitini, tuendelee. Kamati inasubiri." Nikasema siwezi kuandika nisichokiona. Hapo ndipo aliponieleza kwa upole sana, na ule upole ndio ulionitisha, kwamba ripoti yangu haipiti bila sahihi yake, na mwanafunzi aliyepoteza vipande mara moja hakuna mtahini atakayemwamini mara ya pili. Basi jambo likawa hilo: sitini na cheti, au hamsini na tisa na nauli ya kurudi kwetu Kondoa.

Siku ya tatu alimwita Mzee Ndahani ofisini. Mlango uliachwa wazi, kwa sababu Dokta hakujua kuongea na kibarua kwa faragha. Nami nilikuwa koridoni na trei ya vioo. Alikuwa ameandaa karatasi iliyochapwa kwamba siku ya kukata picha za yule dume dirisha lilikuwa wazi na upepo ulikuwa mkali. "Weka sahihi hapa tu, mzee wangu. Ni kwa kumbukumbu." Nikasikia sauti ya Mzee Ndahani: "Dokta, mimi siwezi." "Huwezi kuandika? Weka dole gumba." "Kuandika naweza. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nililifunga mwenyewe, na waya wangu, na koleo la shemeji yangu." "Nakuomba ufikirie kibarua chako." "Nimefikiria tangu umeanza kuniita mzee wangu." Akatoka, akanikuta nimeganda na trei, akaninyooshea kidole. "Na wewe, kuna siku utaviangusha hivyo vioo. Twende kazini!" Nilitaka kumkumbatia. Sikumkumbatia, nilimtengenezea chai kwenye lile birika la haramu, na tukainywa mlango ukiwa wazi ili Dokta aione.

Hasira ilinipa akili. Katika dume mwenye baba wa kienyeji ni kromosomu moja tu yenye mikono miwili, mmoja kila upande wa kiuno, ile iitwayo X. Nyingine zote hamsini na tisa kiuno chao kiko nchani kabisa, kwa hiyo zinaonyesha mkono mmoja mmoja. Jumla mikono sitini na moja. Nikahesabu mikono ya Spika. Kipande kikipeperushwa na upepo, kinaondoka na mkono wake, na mikono lazima ipungue. Haikupungua! Sitini na moja, seli baada ya seli. Ila badala ya kromosomu moja ya mikono miwili zilikuwa mbili: X, na nyingine ndefu kuliko zote, ambayo haikupaswa kuwepo. Kromosomu mbili zilikuwa zimeungana viunoni. Dume wa namna hiyo ana afya na nguvu, anapanda vizuri, ila mara nyingine mimba ya jike wake hupotea mapema, na mwenye ng'ombe anaona tu jike amerudi. Akiwa wa boma moja, wanyama wengi watazaa na maisha yataendelea. Ukimsambaza mkoa mzima unawapandia watu kasoro wasiyoijua, ndama kwa ndama. Nilimwandikia Dokta hesabu ya mikono kwenye ubao wake mwenyewe. Akaitazama muda mrefu. "Zimelala zimegusana tu," akasema. "Mbili, kichwa kwa kichwa. Unaona mbili unaita moja." Na hapo, nakiri, alikuwa na hoja, maana kwa picha zile za kawaida huwezi kutofautisha.

Kilichobaki kilikuwa takataka. Kuna namna ya kuiunguza kromosomu kwa dawa kali kisha ukaitia rangi, na mwili mzima ukapauka, isipokuwa kiuno, kwa sababu ile DNA ya kujirudiarudia imejikunja imara na haiachii. Zikiwa mbili zimegusana, utaona madoa mawili meusi ubavu kwa ubavu. Ikiwa moja, utaona doa moja. Kazi ya siku mbili, nikafikiri. Ilinichukua wiki sita, kwa sababu ya maji. Mashine ya kusafisha maji ilikuwa mbovu, na maji ya bomba la Dodoma yana chumvi inayogandisha birika. Kila nilipotia rangi, kioo kizima kilijaa vumbi la buluu. Nililia, sifichi. Nililia nimekaa juu ya ndoo. Mzee Ndahani akaniuliza kwani mvua inanyesha chumvi? Ilikuwa mwisho wa masika, zilibaki mvua moja mbili. Tulitandika turubai safi uani kwake Ihumwa, mkewe akaazima madumu ya kanisa, na wingu lilipokuja tulisimama watatu tumeloa, tunapiga kelele kama watoto. Madumu mawili. Tuliyachuja kwa karatasi, tukayachemsha, tukayafungia kabatini, na ole wake aliyejaribu kunawia.

Kioo cha kwanza nilichotia rangi kwa maji ya mvua, Mzee Ndahani ndiye aliyetangulia kukitazama, maana mimi sikuthubutu. Aliinama kwenye darubini, redio ikimnong'onea habari za mpira. Akaizima. Yeye, akazima redio! "Doa ni moja," akasema. Nikasogea. Kromosomu zote zilikuwa zimepauka kama nguo iliyofuliwa sana, kila moja ina kichwa cheusi, na katikati yao ile ndefu imekaa na kiuno kimoja cheusi, chembamba, kimebana sawasawa. Tuliangalia seli thelathini. Thelathini zote zilisema hivyohivyo. Ile iliyoitwa takataka ndiyo iliyotoa ushahidi pale ambapo jeni zote za maana zilikaa kimya, na nilijisikia fahari ambayo sijaipata tena, hata siku nilipoolewa, na mume wangu anajua.

Dokta hakuweka sahihi. Aliandika barua kwamba ripoti inakwenda kwa watahini bila ridhaa yake, akitumaini nitaogopa, nami nikaipeleka hivyohivyo. Mtahini wa nje alikuwa mama mmoja mfupi mwenye miwani minene, aliyekuja na mkoba wa kusuka na hakunywa soda aliyopewa. Dokta alianza kueleza habari za upepo wa Dodoma. Wajumbe wakaanza kutabasamu, na mimi nikahisi jina langu la Dada Upepo likipita mezani pamoja na karanga. Yule mama akanyanyua mkono. "Vioo viko wapi?" Alitazama kioo baada ya kioo, asiruke hata kimoja. Kisha akavua miwani. "Hii ni moja, si mbili. Nani amedondosha vioo hivi?" Nikasema: Mzee Ndahani. "Ni mwalimu hapa?" Kabla sijajibu Dokta akasema, "Hapana, ni mfagizi." Neno hilo lilianzia hapo. Mama yule akaandika kitu kwenye daftari lake. Nilifaulu na namba yangu ileile, hamsini na tisa, Spika akaondolewa kwenye mradi, akabaki Chemba anapiga kelele zake, na Bi Tatu alinitumia salamu kwamba alikwisha sema tangu zamani lakini hakuna aliyejali kuyapima maneno yake.

Mwisho wa mwaka kibarua cha Mzee Ndahani hakikuendelezwa. Sababu iliyotajwa ni kupunguza wahudumu, alipunguzwa mmoja. Na hapa ndipo panaponiuma, maana kwenye namba nilipigana mpaka mwisho, ila kwa ajili yake niliandika barua moja, haikujibiwa, nikaacha. Nilikuwa nimeshapata kazi, nina haraka ya maisha. Nilikwenda kumwomba radhi, nikamkuta anajenga banda la kuku. "Unaomba radhi ya nini?" akaniuliza, misumari mdomoni. "Waliniuliza dirisha. Nikawaambia dirisha. Ulitaka niwaambie mlango?" Tukala wali na kuku wa kwanza wa banda lile. Tangu hapo kila nilipopita Ihumwa nilipeleka sukari, naye aliniuliza kama wale vijana wangu wa maabara wamejifunza kupuliza kabla ya kudondosha. Siku hizi zipo mashine zinazosoma kiuno cha kromosomu herufi kwa herufi, mwanzo mpaka mwisho, yale marudio yote, na hakuna tena mwenye akili timamu anayeyaita takataka. Nilimweleza hayo mara ya mwisho tulipoonana, akiwa kitandani. "Wamechelewa," akasema.

Ndiyo maana tuliporudi kutoka makaburini sikwenda kwenye chakula. Nilikwenda kwa kijana aliyesoma historia fupi, nikamwomba ile karatasi, nikafuta neno moja kwa kalamu yangu na kuandika juu yake: fundi wa maabara. "Lakini Shangazi, imeshasomwa," akasema. "Itasomwa tena kwenye arobaini. Nitakuwepo nisikie." Nilipogeuka, Profesa alikuwa amesimama nyuma yangu, fimbo mkononi, bila msindikizaji. "Shikamoo," nikasema, maana adabu sijaacha. "Marahaba." Akatazama ile karatasi, akatazama kule tulikotoka. "Hadija," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu, "naomba uniambie kweli, sasa ni zamani. Siku ile... dirisha halikuwa wazi? Hata kidogo?" Nilielewa anachoomba. Alitaka nimwachie ufa mdogo tu, wa kupitisha usingizi wake. Nilimwonea huruma, kweli nilimwonea, na sikumpa.

"Lilikuwa limefungwa, Profesa. Na aliyelifunga ndiye tumetoka kumzika."